Fedha za halmashauri zinafikaje kata na mtaa? Wanaojua bajeti njooni (Mbeya, Iringa, Njombe)

Mjumbe_Mpya:
Wakuu habarini za jioni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, niliingia kwenye uchaguzi ule wa tarehe 27 Novemba 2024. Niko kwenye halmashauri mojawapo ya mijini huku Nyanda za Juu Kusini. Sitaitaja, maana mwenyekiti wangu naye anashinda humu.

Mtaa wetu umekatwa na korongo. Watoto wa shule ya msingi wanavuka kwenye magogo mawili yaliyofungwa waya. Mvua zikichanganya, magogo yanafunikwa, na hapo ama mtoto anabaki nyumbani ama anabebwa mgongoni na vijana wa bodaboda kwa jero. Kivuko kimeombwa tangu enzi ya kamati iliyopita na jibu ni lile lile: bajeti finyu. Kata ya jirani wamejengewa madarasa, choo na ofisi ya kata. Sisi hata mfuko wa saruji hatujauona.

Naomba kuelimishwa bila siasa. Kuna kanuni ya kugawa hela kwa kata na mitaa, au anayepiga kelele zaidi barazani ndiye anayepata?

Bodaboda_Mstaarabu:
Mkuu, jibu unalo kwenye sentensi yako ya mwisho. Uzi ufungwe.

Mchumi_Mstaafu:
Usifungwe kwanza. Ugonile, Mjumbe. Nimekaa ofisi ya mipango ya halmashauri mpaka nikastaafu, nitakueleza ninavyoijua.

La kwanza ulishike: kata haina fungu. Watu wengi wanadhani mweka hazina anakaa na keki, anaikata vipande sawasawa na idadi ya kata, halafu cha kwenu kinaliwa njiani. Hakuna keki hiyo. Kinachopangwa ni mradi: darasa, zahanati, choo cha soko. Kata inaingia kwenye bajeti kwa sababu mradi uko ndani ya mipaka yake. Ndiyo maana kata moja inaweza kupata miradi mitatu mwaka huu na nyingine isipate hata mmoja, na hakuna sheria iliyovunjwa.

La pili ni hela zenyewe. Nyingi unazoziona zimejenga huko kwa jirani yako hazikutoka kwenye makusanyo ya halmashauri. Ni fedha za serikali kuu na wafadhili, zinashuka zikiwa tayari zina jina: BOOST ni za shule za msingi, SEQUIP sekondari. Madarasa 15,000 ya mwaka 2021, yale ya fedha za UVIKO, yalishuka hivyo hivyo, milioni 20 kwa kila darasa. Hapo diwani anaweza kubishania lijengwe shule gani, ila hawezi kusema darasa tuligeuze kivuko.

Kwa hiyo uwanja wenu wa kugombea ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma ule unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi, ushuru wa mazao. Tufanye hesabu. Chukua halmashauri inayokusanya bilioni 10, namba ya kichwani tu, asije mtu akainukuu kesho kwamba ndiyo makusanyo ya Jiji. Halmashauri zenye uwezo zimeelekezwa kupeleka asilimia 60 kwenye maendeleo, zenye mapato madogo asilimia 40. Tuseme hii ni ya 60. Zinabaki bilioni 6. Humo humo inatoka asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, yaani bilioni 1. Zimebaki 5.

Sasa Jiji la Mbeya lina kata 36 na mitaa 181. Bilioni 5 ukizigawa sawa kwa kata 36 ni milioni 138 na ushee kila kata. Ukizigawa kwa mitaa 181 ni kama milioni 27 na nusu. Darasa moja na madawati yake, mwaka umeisha. Na hapo nimedhani kwamba makusanyo yamefika asilimia 100 na kwamba halmashauri haina deni hata moja la mkandarasi wa mwaka jana. Unaijua halmashauri ya namna hiyo?

Kamwene_Iringa:
Mzee Mchumi umenena. Niongeze kidogo upande wa kugawa sawa kwa mitaa. Manispaa ya Iringa ina kata 18 tu, nusu ya Mbeya, lakini mitaa ni 192. Iringa sensa ya 2022 tulikuwa watu laki mbili na kidogo, Mbeya Jiji 541,603. Kwa wastani mtaa wa Mbeya una watu wanaokaribia 3,000, wa kwetu elfu moja na kidogo. Ukisema kila mtaa upewe kiasi sawa, mtu wa Kihesa na mtu wa Ilomba hawajapata sawa hata chembe.

Na ndani ya mji mmoja ni hivyo hivyo. Kuna mtaa wa wapangaji, nyumba moja milango kumi, na kuna mtaa wa pembeni wenye mashamba ya viazi na nyumba za kuhesabu. Wa kwanza una watu, wa pili una umbali. Nani ana shida zaidi? Hapo ndipo ngumi zinapoanzia.

Kijana_wa_Nzovwe:
Swali la kizushi. Kila nikinunua umeme LUKU inanikata kodi ya jengo, na mimi ni mpangaji! Hiyo hela si ndiyo irudi mtaani ijenge kivuko cha huyu ndugu?

Mchumi_Mstaafu:
Kodi ya majengo ilitoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 ikaenda TRA, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Haihesabiwi tena kama makusanyo ya halmashauri. Mlipomkaba diwani kwa hela hiyo mlimwonea. Ya mpangaji mdai mwenye nyumba, ndiye mwenye kodi.

Mama_Cherehani:
Shikamooni wakubwa. Mimi ya bajeti siyajui ila hiyo asilimia 10 naijua, maana imeninunulia cherehani. Watu wanaichanganya, wanadhani ni hela ya mtaa mwenyekiti anaigawa kwa anaowapenda. Ni mkopo, unarudishwa, riba hakuna. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, na iko kwenye sheria tangu 2018, si hisani ya mtu.

Sisi tupo watano, tunashona sare za shule. Tulianzia kwa mtendaji wa mtaa, akaja kutuangalia kweli kama tunafanya kazi, tena alikuja saa moja asubuhi bila taarifa akatukuta na vitambaa mezani. Kisha kata, kisha halmashauri. Katikati serikali ikasimamisha mikopo nchi nzima, Aprili 2023, baada ya taarifa ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha hela nyingi hazirudi na vikundi vingine ni hewa. Tukakaa. Ilirudi 2024, halmashauri 10 zikaanza kupitishia benki, nyingine zikaendelea kwa utaratibu ulioboreshwa.

Nasema hivi kwa sababu mjumbe anaweza kuisaidia mitaa yake hata kabla ya kivuko. Vikundi vingi vinakwama kwenye katiba ya kikundi na usajili, na hapo haihitajiki bajeti, anahitajika mtu anayejua kuandika.

Bodaboda_Mstaarabu:
Mama umenifundisha. Natoa ile "uzi ufungwe".

Mwandosya_wa_Mtaani:
(Jina la utani tu wakuu, sina undugu na mzee.)

Hapa mnazunguka. Mimi nimekuwa mjumbe wa WDC, yaani kamati ya maendeleo ya kata, kipindi kizima. Kikao chenyewe kilivyo: diwani ni mwenyekiti, mtendaji wa kata katibu, wenyeviti wa mitaa wote mpo. Kila mwenyekiti amekuja na orodha. Wa kwanza ana vitu 14, wa pili 11, wa tatu kaandika "barabara, maji, umeme, afya, elimu" kama anaandika ilani ya chama. Saa saba mchana watu wana njaa. Diwani anasema "tupeleke yote, wataalamu watachuja". Ndiyo imeisha hiyo. Ukipeleka vitu 40 umewakabidhi wataalamu wakuchagulie, na wao watachagua kile kinachowarahisishia kazi.

Kata zinazopata zinapeleka vitu viwili au vitatu, na kimoja kimeshaanza. Wananchi wamechanga, wamepandisha boma mpaka kwenye linta, limesimama linanyeshewa. Kila mwaka maelekezo ya bajeti yanasisitiza kumalizia maboma. Afisa mipango akiliona jengo limesimama roho inamuuma, na kwenye ripoti anajua ataandika "limekamilika" kwa hela ndogo. Ninyi mna magogo mawili. Magogo hayana linta.

Mjumbe_Mpya:
Hii imenigusa kaka. Kwa hiyo maskini asiyeweza kuchanga ndiye anayekosa daima? Mtaa wetu watu ni vibarua wa kupalilia na kuuza maparachichi ya kuokota. Kata ya jirani wana walimu, manesi na watu wa benki, wakisema elfu ishirini kila kaya inapatikana.

Mwandosya_wa_Mtaani:
Ndiyo. Sitakudanganya. Nguvu za wananchi zinampendelea mwenye nguvu.

Mchumi_Mstaafu:
Hapo kijana kasema kweli tupu, na sisi wa ofisini tulikuwa tunaijua. Ila mchango si hela pekee. Mawe, mchanga na siku za kazi vinathaminiwa na mhandisi na vinaandikwa kwa shilingi. Mtaa wenye mto una mchanga na mawe. Mpelekee mtendaji akuandikie: tripu kadhaa za mawe zimeshasogezwa eneo la mradi, picha hizi hapa. Kwenye meza ya bajeti karatasi hiyo ina uzito.

Nikuulize sasa jambo ambalo ningeuliza kabla ya yote. Muhtasari wenu wa mtaa uliopelekwa kata uliandikaje ombi hilo? Neno kwa neno.

Mjumbe_Mpya:
Sina nakala. Kesho naenda kwa mtendaji.

Mlezi_wa_Ughaibuni:
Wadogo zangu, nawasoma nikiwa Christchurch, New Zealand, kwetu ni Rungwe. Huku kuna kitu kinafanana na kamati zenu. Chini ya baraza la jiji kuna bodi za jamii, zilianza na mageuzi ya serikali za mitaa ya 1989. Hapa jijini zipo 6 tangu 2022. Wajumbe wanachaguliwa na wakazi. Kama mtaa wenu, bodi haina ruhusa ya kutoza kodi wala kuajiri watumishi wake, inategemea kabisa kile baraza la jiji linachoipangia.

Tofauti ni kwamba baraza linazitengea bodi fungu dogo la hiari, na bodi yenyewe ndiyo inaamua. Klabu ya wazee inaomba viti, timu ya watoto inaomba mipira, kanisa linaomba jiko la kupikia wahitaji. Mtaalamu anaandika maoni yake, ajenda inatoka hadharani kabla ya kikao, wajumbe wanapiga kura. Mtu akinyimwa anajua alinyimwa lini, na nani, kwa sababu gani. Hela zenyewe ni kidogo ukilinganisha na bajeti ya jiji. Barabara na mabomba hazimo humo.

Mngekuwa na fungu kama hilo ngazi ya kata, hata dogo, kivuko cha mbao kingekuwa kimeshajengwa.

Kamwene_Iringa:
Kaka, huku fungu la hiari likifika kata, litaitwa "posho ya kikao" kabla ya wiki kuisha. 😂

Mtendaji_Fulani:
Kamwene acha utani, sisi tunasoma. Mtendaji wa kata ana laki moja ya posho ya mwezi ya madaraka tangu bajeti ya 2021/22, na hiyo hiyo ndiyo nauli, vocha na karatasi za kuchapia mihtasari yenu. Mwenyekiti wa mtaa anaitwa saa nane usiku kuamua ugomvi wa ndoa, na analipwa kidogo kuliko anachotumia kwenye simu. Kabla ya kuzungumzia fungu la hiari, zungumzieni fungu la kuendesha ofisi. Kuna mitaa mihuri inakaa kwenye mfuko wa koti la mtu.

Mchumi_Mstaafu:
Mlezi, tulishawahi kuwa na mbegu ya jambo hilo. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilipofutwa mwaka 2003, serikali kuu ilianza kuleta ruzuku ya kufidia, na maelekezo yalikuwa asilimia 20 irudi vijijini na mitaani. Ruzuku ilivyozidi kusinyaa na hiyo 20 ikasinyaa nayo, na mahali pengi imegeuka kuwa mstari tu kwenye taarifa. Mjumbe, uliza kwenye mkutano: asilimia 20 yetu ya mwaka jana ilikuwa shilingi ngapi? Swali halali kabisa, na wala halihitaji ukali.

Mlango mwingine ni Mfuko wa Jimbo, ule wa sheria ya 2009. Mwenyekiti wake ni mbunge, si meya. Mgawo wake una kanuni iliyo wazi kuliko mifuko yote: asilimia 25 majimbo yote sawa, 45 kwa idadi ya watu, 20 kwa hali ya umaskini, 10 kwa ukubwa wa eneo. Jimbo la Mbeya Mjini lilipomegwa mwaka 2025 likazaliwa la Uyole, mji ule ule sasa una mafungu mawili badala ya moja, na ile 25 ya usawa inaingia mara mbili. Kwa kivuko cha miguu mfuko huu unafaa kuliko bajeti kubwa, kwa sababu umeundwa kuchochea miradi midogo ambayo wananchi wameshaianza.

Mbao_za_Makambako:
Nawaonea huruma watu wa mitaa. Mimi halmashauri yangu ni ya mji lakini nakaa kijijini, maana huku vipo vyote viwili. Kijiji kina serikali yake, akaunti yake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa, kina ardhi. Kijiji chetu kina shamba la miti, ikikomaa tunauza, tunapaua madarasa wenyewe bila kumsubiri mtu. Mtaa hauna hayo, ni jina na mhuri. Kila kitu unaomba juu. Mji ukipanda hadhi watu wanashangilia, hawajui walichokiacha mlangoni.

Mjumbe_Mpya:
Wakuu nimerudi. Nakala nimeipata, imechapwa kwa kompyuta ila mahudhurio yako kwa mkono, majina 63, mengine dole gumba. Kipengele cha sita: "Wananchi wanaomba ukarabati wa barabara ya kwenda shuleni pamoja na kivuko."

Mchumi_Mstaafu:
Ndicho nilichokihofia. Neno "barabara" ndilo lililowamaliza. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko kwa wakala wake, TARURA, si halmashauri. Mchumi akisoma "ukarabati wa barabara" anaikata kwenye orodha na kuisukuma huko, na ana haki. TARURA nao wanafungua daftari la mtandao wao wa barabara, wanakuta njia yenu ya miguu haimo, haina jina wala namba, wanaiweka pembeni. Kila ofisi imejibu sahihi na mtoto bado yuko kwenye magogo.

Fanya hivi. Mkutano wa mtaa uitishwe upya, ajenda iwe moja. Andikeni "ujenzi wa kivuko cha waenda kwa miguu kuelekea shule ya msingi". Semeni upana wa korongo, idadi ya wanafunzi wanaovuka (mwalimu mkuu anayo, mwombeni barua), na mlichokwisha kuchangia. Kisha omba mhandisi wa halmashauri aje apime atoe makadirio. Ombi lisilo na makadirio halina namba, na mfumo wa bajeti unapokea namba.

Na wakati. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini pambano linaisha mapema mno. Mitaa inaibua vipaumbele kabla mwaka haujaisha, WDC inachuja, ukomo wa bajeti unashuka kutoka Hazina na TAMISEMI, timu ya menejimenti inakata, Kamati ya Fedha inapitia, Baraza linapitisha mwanzoni mwa mwaka, ndipo yaende mkoani na hatimaye Bungeni. Watu wanakuja na mabango Mei. Mei kila kitu kimeshaingizwa kwenye mfumo.

Mwandosya_wa_Mtaani:
Nyongeza: nakala tatu, zote zigongwe mhuri wa kupokelewa. Moja kata, moja ofisi ya mipango, moja kaa nayo wewe. Diwani mpe pia lakini usimtegemee akukumbukie, ana mitaa mingine.

Mjumbe_Mpya:
Kuna kikwazo kimoja. Mwenyekiti anataka kipaumbele namba moja kiwe ofisi ya mtaa, kivuko namba mbili. Anasema mtaa bila ofisi ni aibu.

Mtendaji_Fulani:
Ninavyopenda ofisi, na bado nasema kivuko. Ila usimpinge kwenye kamati mkiwa sita, atakuona unamchimba. Liende kwenye mkutano wa mtaa, wazazi wapige kura. Yeye mwenyewe ana wajukuu wanaosoma pale? Mpe nafasi ya kulisoma tangazo la kivuko kwa mdomo wake.

Mjumbe_Mpya:
Anao wawili. Mkutano ni Jumamosi saa tatu. Mwalimu mkuu ameshatoa barua, wanafunzi wanaovuka ni 118. Vijana wa bodaboda wamesema watasogeza mawe Jumapili kama kuna wa kuwapikia.

Bodaboda_Mstaarabu:
Hao ni watu wangu. Ila jero zao zinaishia hapo, ujue.

Dada_Mbalizi:
Wakuu na mimi nauliza. Sisi tuko mamlaka ya mji mdogo, tuna vitongoji, hatuna mitaa wala kijiji. Haya ya WDC na muhtasari ni yale yale au tunaanzia pengine?

Mchumi_Mstaafu:
Dada, mnaanzia kitongoji, mnapita kwenye baraza lenu la mji mdogo, ndipo mwende halmashauri ya wilaya. Kuna ngazi ya ziada na ina mambo yake. Fungua uzi mpya uniite, huu umeshakuwa mrefu na macho yangu si ya kijana.